Ulinganisho: plazma, leza, maji ya shinikizo, gesi au mashine za kuchonga, ipi ianze katika karakana ya vyuma?

Karakana Ndogo

Wanajamvi, salaam. Nina karakana ya watu sita inayotengeneza fremu za mashine, flenji, vishikio vya mota na nyumba za beringi. Kwa sasa mabamba tunayakata kwa tochi ya gesi ya mkono, kingo tunazisawazisha kwa grainda, na matundu ya bolti tunayachora kwa kipimo na kuyatoboa moja moja. Kazi imetuzidi, na makosa nayo yameongezeka. Hivi karibuni flenji 14 zilirudishwa kwa sababu matundu yake hayakuoana na ya flenji ya upande wa pili, na kila moja ilikuwa imekosea kwa namna yake.

Nimeamua kuingia katika mashine zinazoongozwa na kompyuta, yaani CNC. Mabamba yangu mengi ni chuma laini cha unene wa 3 hadi 20 mm, mara chache 25. Vifuniko natengeneza kwa stenlesi ya 1.5 hadi 3 mm, na alumini huja kwa nadra. Tundu ninalolihitaji kuliko mengine yote ni la 13 mm katika bamba la 12 mm, kwa bolti ya M12. Nyumba za beringi ni lazima zishike beringi bila kulegea.

Mwaka huu naweza kununua mashine moja kubwa, labda na nyingine ndogo pembeni. Kila muuzaji niliyezungumza naye ameniambia kwamba mashine yake inakata kila kitu. Naomba mnilinganishie kwa haki, hasa ninyi mnaoziendesha kila siku.

Mzee wa Vipimo

Ndugu Karakana Ndogo, nakushukuru kwa kutaja unene na kipenyo, kwa maana wengi huja hapa wakiuliza "mashine nzuri ni ipi" bila kusema wanatengeneza nini, na swali la namna hiyo halina jibu.

Kabla ya kulinganisha mashine, zigawe kazi zako katika mafungu mawili. Fungu la kwanza ni la kukata umbo kutoka kwenye bamba: flenji, vishikio, pembe za fremu. Hapo plazma, leza, gesi na maji ya shinikizo hushindana, kwa sababu zote hufuata mstari juu ya bamba lililolala. Fungu la pili ni la kuondoa chuma kidogo kidogo mpaka kipimo kifikiwe: nyumba ya beringi, shafti, hesi (mikato ya skrubu). Hapo kazi ni ya kerezo, linalozungusha kipande, na ya mashine ya milingi, inayozungusha kisu, na hakuna tochi yoyote itakayoziondolea kazi hiyo.

Chukua beringi ya 6205, ambayo karibu kila fundi anaijua. Kipenyo chake cha nje ni 52 mm. Ikiwa mchoro unadai tundu la daraja H7, tundu hilo linaruhusiwa kuwa kati ya 52.000 na 52.030 mm, yaani nafasi ya mikromita 30 tu, chini ya unene wa unywele wa kichwani kwa watu wengi. Plazma hupima mafanikio yake kwa sehemu za kumi za milimita. Kwa hiyo muuzaji anayekuambia kwamba meza yake ya plazma itakutengenezea nyumba za beringi, ama hajui beringi, ama hajui plazma.

Haja hii ya kipimo ndiyo iliyozaa mashine hizi tangu mwanzo. Mashine ya milingi iliyoonyeshwa katika chuo cha MIT, Marekani, mwaka 1952, ikisoma maagizo kutoka kwenye utepe uliotobolewa, ilitokana na wazo la John T. Parsons, ambaye alikuwa akitafuta njia ya kutengeneza vipande vya ndege vyenye mikunjo ambayo mkono wa fundi haukuweza kuirudia kwa usawa. Flenji zako 14, kila moja na kosa lake, ni tatizo lile lile katika umbo dogo.

Plazma Usiku

Nimeendesha meza za plazma kwa miaka 11, na nitasema mazuri yake pamoja na yale ambayo hayaandikwi kwenye vipeperushi.

Plazma hukata kwa tao la umeme linalobanwa ndani ya nozeli nyembamba pamoja na gesi inayopita kwa kasi, mpaka gesi yenyewe inakuwa njia ya umeme na kufikia joto la nyuzi 20,000 na zaidi. Chuma huyeyuka na kupulizwa chini. Inakata kitu chochote kinachopitisha umeme: chuma laini, stenlesi, alumini, shaba. Kwa unene wako wa 6 hadi 20 mm, sioni mashine nyingine inayoukaribia uwiano wake wa kasi na gharama ya ununuzi.

Sasa udhaifu wake. Mkato una upana wa milimita 1.5 hadi 4 kulingana na ampea, na ukingo hausimami wima kabisa, bali huwa na mwinamo wa nyuzi 1 hadi 3, hata zaidi ikiwa nozeli imechakaa. Jambo ambalo wageni wengi hawaambiwi ni kwamba pande mbili za mkato hazifanani. Gesi huzungushwa ndani ya tochi, na kwa tochi za kawaida upande wa kulia wa mwelekeo wa safari ndio unaotoka ukiwa umesimama vizuri zaidi. Ndiyo maana mstari wa nje wa kipande hukatwa kwa kufuata mwendo wa saa, na tundu la ndani hukatwa kinyume cha saa, ili katika hali zote mbili upande mzuri ubaki kwenye kipande na upande mbaya uende na takataka. Nimeona karakana ikilalamikia mashine kwa miezi mitatu, kumbe programu ilikuwa imegeuza mwelekeo.

Kuhusu tundu lako la 13 mm katika bamba la 12 mm: hapo uko mpakani. Kwa plazma ya kawaida, napendelea kipenyo cha tundu kisipungue mara moja na nusu ya unene. Plazma za ubora wa juu huweza kushuka mpaka kipenyo kilingane na unene. Ukilazimika kukata tundu dogo, punguza mwendo hadi kiasi cha asilimia 60 ya mwendo wa mstari wa nje, na uzime kidhibiti cha kimo cha tochi ukiwa ndani ya tundu. Kidhibiti hicho hukisia umbali wa tochi kwa kusoma volti za tao, na mwendo unapopungua mkato hupanuka, volti hupanda, nacho hudhani tochi imeinuka na kuishusha mpaka igonge bamba.

Mimi kwa bolti za M12 nimeacha kabisa kukata tundu kamili. Naiagiza mashine ichome alama ndogo katikati ya kila tundu, kisha tunatoboa kwa keekee. Mpangilio wa matundu unakuwa wa kompyuta, na uduara unakuwa wa keekee. Ugonjwa wa flenji zako 14 ungetibiwa hapo hapo.

Hewa nayo ni nusu ya kazi. Kompresa inayotema maji pamoja na hewa inaua elektrodi haraka kuliko kitu kingine chochote. Elektrodi ni ya shaba, na ncha yake ina kijipande cha hafni ambacho huliwa kidogo kidogo kila tao linapowashwa. Weka kikausha hewa, wala usikichukulie kuwa ni kiambatanisho cha hiari.

Binti Kerezo

Naongezea kwa Plazma Usiku jambo moja ambalo limenivunjia tapu nyingi, yaani vyombo vya kuchonga hesi ndani ya tundu. Ukikata chuma laini kwa plazma inayotumia hewa ya kawaida, naitrojeni iliyomo katika hewa huingia kwenye ngozi ya ukingo na kuifanya iwe ngumu. Ukijaribu kuchonga hesi ndani ya tundu lililokatwa kwa plazma, tapu inakutana na ngozi hiyo na inakwama. Ngozi hiyo pia huweza kusababisha vishimo katika maungio ya kulehemu, kwa hiyo kingo zinazokwenda kulehemewa zipitishwe grainda kidogo kwanza. Ukitumia oksijeni badala ya hewa, tatizo hilo hupungua sana.

Mwangaza

Naheshimu uzoefu wa Plazma Usiku, lakini nadhani leza haijapewa haki yake hapa, na ndugu muulizaji ametaja stenlesi ya 1.5 hadi 3 mm. Katika unene huo plazma inapinda bamba kwa joto na kuacha ukingo unaohitaji kazi ya mkono, ilhali leza inaacha kipande unachoweza kukipeleka moja kwa moja kukunjwa.

Tofautisha kwanza aina mbili. Leza ya gesi ya kaboni dioksidi, ambayo Kumar Patel aliigundua katika maabara za Bell mwaka 1964, hutoa mwanga wenye urefu wa wimbi wa mikromita 10.6. Leza ya nyuzi, yaani "fiber", hutoa mwanga wa takriban mikromita 1.07, na metali hufyonza mwanga huo vizuri zaidi. Kwa hiyo kwa mabati leza ya nyuzi ndiyo iliyotawala sasa, hata kwa shaba na alumini, ambazo huurudisha mwanga wa leza ya kaboni dioksidi kama kioo. Ya kaboni dioksidi imebaki na ubora wake kwa mbao, akriliki, ngozi na nguo, kwa kuwa vitu hivyo hufyonza wimbi refu.

Upana wa mkato wa leza ni sehemu za kumi za milimita, kati ya 0.1 na 0.3 katika mabati membamba. Tundu la 13 mm katika bamba la 12 mm halina wasiwasi wowote kwa leza yenye nguvu ya kutosha, nawe hutahitaji keekee.

Gesi ya kusaidia ndiyo inayoamua ukingo utakavyokuwa. Ukitumia oksijeni kwenye chuma laini, chuma chenyewe huungua na kuongeza joto, hivyo unakata unene mkubwa kwa nguvu ndogo. Njia hiyo ilionyeshwa Uingereza mwaka 1967 kwa bamba la 1 mm tu. Lakini oksijeni huacha utando wa oksidi kwenye ukingo, na rangi huweza kubanduka hapo baadaye. Ukitumia naitrojeni ukingo unatoka safi na unang'aa, ila gesi inatumika kwa wingi na kwa shinikizo kubwa, na katika karakana yetu bili ya naitrojeni ndiyo tunayoikagua kila mwezi kabla ya bili ya umeme.

Naomba pia niseme wazi juu ya usalama, kwa sababu nimeona meza za leza ya nyuzi zikiuzwa zikiwa wazi, bila uzio wowote. Mwanga wa mikromita 1.07 hauonekani, na lenzi ya jicho huukusanya mpaka kwenye retina. Mwanga uliorudishwa na kipande kidogo cha chuma unaweza kuharibu jicho kabla mtu hajajua kilichotokea. Miwani ya kulehemu na akriliki ya kawaida haiuzuii. Leza ya nyuzi ifungiwe ndani ya kabati lenye kioo kilichothibitishwa kwa wimbi hilo. Na kwa wenye leza ya kaboni dioksidi: msikate plastiki ya PVC. Inatoa gesi ya hidrojeni kloridi, inayounguza mapafu na kula mashine yenyewe.

Plazma Usiku

Ndugu Mwangaza, sina ubishi juu ya stenlesi nyembamba. Lakini umesema "leza yenye nguvu ya kutosha", na mzigo wote umefichwa katika maneno hayo. Kwa 20 na 25 mm, nguvu ya kutosha ni mashine ya daraja lingine kabisa, pamoja na chumba chake, kipoozi chake na umeme wake. Na bamba la ghala lililoshika kutu na magamba, je, leza yako inalipokea vipi?

Mwangaza

Hailipokei vizuri, nakubali. Kutu na magamba hufanya mkato wa oksijeni uruke na kuacha mashimo, nasi hulazimika kupitisha mwanga mara mbili, mara ya kwanza kusafisha njia na mara ya pili kukata, au kununua bamba lililosafishwa. Mabamba yakiwa mengi, mazito na machafu, sitamshauri mtu aanze na leza.

Gesi na Oksijeni

Mmeirukia gesi kana kwamba imekufa. Tochi ya oksijeni na asetilini au propani iliyofungwa kwenye meza ya CNC inakata chuma laini cha 50, 100, hata zaidi ya 300 mm, na hakuna kati ya mlizozitaja inayoweza kufanya hivyo kwa bei hiyo. Ukingo wake hutoka ukiwa umesimama vizuri kuliko wa plazma katika mabamba mazito.

Kanuni yake ni kwamba chuma kilichopashwa moto mpaka karibu nyuzi 900 huungua ndani ya oksijeni safi, na mavi ya chuma yanayotokana na kuungua huyeyuka na kutiririka nje. Ndiyo sababu haikati stenlesi wala alumini. Oksidi ya alumini huyeyuka kwa zaidi ya nyuzi 2,000, wakati alumini yenyewe huyeyuka kwa 660, kwa hiyo oksidi hubaki kama ngao juu ya metali iliyokwisha kuwa maji. Usafi wa oksijeni uwe angalau asilimia 99.5, vinginevyo mwendo unashuka na mavi yanang'ang'ania chini.

Kwa ndugu yetu, mwenye 25 mm mara chache, gesi haiwezi kuwa mashine kuu. Lakini meza nyingi hukubali tochi mbili, ya plazma na ya gesi, kwenye daraja moja (boriti inayobeba tochi juu ya meza), nami ningeuliza hilo kabla ya kununua.

Maji Makali

Nasema machache kwa sababu sidhani mashine yangu inamfaa muulizaji, ila ulinganisho utapungua bila yake. Maji husukumwa kwa shinikizo la baa 4,000 hivi, hupita katika tundu la johari lenye kipenyo cha theluthi moja ya milimita, na hutoka kwa kasi inayozidi mara mbili ya kasi ya sauti hewani. Hapo huvuta mchanga wa garneti, na mchanga ndio unaokata. Hakuna joto la kubadilisha chuma, ndiyo maana wanaokata titaniamu, chuma kilichokwisha kutiwa ugumu, mawe, vioo na mabamba ya tabaka tabaka huja kwetu. Kioo kilichoimarishwa kwa joto peke yake hatukigusi, kwa kuwa kinapasuka chote kwa mara moja.

Gharama yake ni garneti, kati ya theluthi na nusu ya kilo kwa kila dakika ya kukata, pamoja na pampu inayodai kubadilishiwa mihuri kwa ratiba. Na ni ya polepole. Kwa bamba la chuma laini la 12 mm, plazma itakuwa imemaliza flenji kadhaa nikiwa bado kwenye ya kwanza. Nimekata chuma laini kwa wateja wengi na kila mara nimewauliza kama kweli joto linawadhuru. Wengi hawakuwa na sababu.

Karakana Ndogo

Nawashukuru sana wote. Nimeanza kuona njia. Naomba msaada juu ya jambo moja. Muuzaji mmoja amenishawishi ninunue routa ya CNC yenye meza ya mita 1.3 kwa 2.5 na spindeli (kichwa kinachozungusha kisu) ya kilowati 2.2, inayozunguka mara 24,000 kwa dakika. Anasema kwa kubadilisha kisu tu itanichongea mbao, plastiki, alumini na chuma, na hata nyumba za beringi nitazipata hapo. Bei yake ni ndogo kuliko meza ya plazma. Je, nikiichukua sitakuwa nimepata mashine mbili kwa moja?

Binti Kerezo

Kaka, usilipe kwanza. Fanya hesabu pamoja nami, kwa maana wauzaji wengi hawapendi ifanywe.

Kisu cha kabidi cha 6 mm kikichonga chuma laini, mwendo wa ncha zake ungekuwa mita 100 hivi kwa dakika. Gawanya mwendo huo kwa mzingo wa kisu: mizunguko inayotakiwa ni takriban 5,300 kwa dakika. Spindeli ya routa ikizunguka 24,000, ncha zinakwenda mita 450 kwa dakika, na kisu cha kawaida kitaungua katika muda mfupi. Utasema, basi niipunguze mpaka 5,300. Sawa, lakini kilowati 2.2 zimeandikwa kwa mizunguko 24,000. Nguvu yake ya kuzungusha haifiki hata nyutoni mita moja, nayo haiongezeki ukipunguza mwendo, kwa hiyo kwa 5,300 umebaki na takriban nusu ya kilowati. Na kama spindeli hupozwa na feni iliyofungwa kwenye shafti yake, upepo nao umepungua wakati joto linapanda.

Hapo bado hatujafika kwenye mwili wa mashine. Mashine ya milingi ni nzito, mara nyingi ya chuma cha kumimina, kwa sababu chuma kinachochongwa husukuma kisu kwa nguvu, na fremu ikitikisika, mtikisiko huo unachapwa juu ya kipande. Routa ni daraja refu juu ya meza pana. Umbo hilo linafaa sana kwa mbao, ambako unataka nafasi kubwa na mwendo mkubwa: kisu cha meno mawili, mizunguko 18,000, kila jino likichukua 0.1 mm, kinakwenda mita 3.6 kwa dakika na kutoa maranda safi. Alumini pia utachonga, kwa tabaka nyembamba, ukipuliza hewa ili maranda yasigande kwenye kisu. Nina routa na naipenda. Chuma siipelekei.

Nyumba zako za beringi ni vipande vya mviringo, na nyumba ya vipande vya mviringo ni kerezo. Kerezo la CNC la mihimili miwili litakupa 52 H7 kila siku mradi lina afya, na litakutengenezea shafti, vikuku na hesi za nje na za ndani. Ukianza, kuna amri moja uifahamu kabla ya nyingine zote. G96 huiagiza kerezo itunze mwendo wa uso, yaani kadiri kisu kinavyokaribia katikati ya kipande, mizunguko huongezeka. Usipoweka kikomo cha mizunguko, ambacho katika vidhibiti vingi huandikwa kwa G50, chaki, yaani kishikio kinachozungusha kipande, itaongeza mizunguko kuelekea mwisho wa uwezo wake, na kipande kilichoshikwa vibaya kitatoka. Nilishuhudia kipande cha kilo 4 kikitoka namna hiyo na kupinda mlango wa mashine. Mwendeshaji alikuwa amesogea kando kuchukua chombo chake cha kupimia.

Mzee wa Vipimo

Dada amenena. Naongeza kuhusu karatasi za wauzaji. Utaona imeandikwa "usahihi 0.01 mm". Uliza ni usahihi upi. Mashine inaweza kurudi pale pale kila mara kwa tofauti ya 0.01 huku pale penyewe si mahali ulipoagiza. Kurudia ni jambo moja na kufikia ni jambo la pili. Na vyote viwili hupimwa mashine ikiwa haikati kitu, kwa hiyo kipande kikitoka na kosa la 0.05, karatasi bado haijasema uongo.

Joto nalo ni kipimo. Kipande cha chuma cha 500 mm kikipata nyuzi 5 zaidi hurefuka kwa karibu 0.03 mm, yaani nafasi yote ya H7 tuliyoitaja. Alumini hurefuka karibu mara mbili ya hapo. Kipande kilichotoka kwenye kisu kikiwa cha moto kiache kipoe ndipo ukipime.

Kwa wanaopitia uzi huu wakiwa na kazi za kutengeneza kalibu za kumiminia na za kukandamizia vyuma: ipo pia mashine inayokata kwa cheche za umeme, ambayo asili yake ni kazi ya Boris na Natalya Lazarenko katika Muungano wa Kisovyeti mwaka 1943. Uzi wa shaba wa 0.25 mm hupita ndani ya chuma kilichotiwa ugumu na kuacha usahihi wa mikromita chache, bila kukigusa. Ni ya polepole, na hukata tu kinachopitisha umeme. Kwa ndugu Karakana Ndogo haina kazi kwa sasa.

Karakana Ndogo

Routa nimeiacha. Nimeamua hivi, nanyi mnirekebishe: meza ya plazma ya mita 1.5 kwa 3, chanzo cha ampea 105, daraja linalokubali tochi ya gesi, kikausha hewa ndani ya bei ile ile, na kuchoma alama kwa matundu yote ya M12. Kerezo dogo la CNC lililotumika, kwa ajili ya nyumba za beringi. Vifuniko vya stenlesi nitavipeleka kwa mwenye leza mpaka vitakapokuwa vingi vya kutosha. Meza ya plazma inakuja na beseni la maji chini yake. Je, kuna la kuangalia hapo?

Plazma Usiku

Umechagua kama ambavyo ningechagua. Beseni la maji ni zuri kwa moshi na vumbi, na ukikata stenlesi utalihitaji pamoja na feni ya kuvuta, kwa sababu moshi wake una kromi ya aina inayodhuru mapafu. Lakini alumini usiikate juu ya beseni hilo bila kupuliza hewa ndani ya maji. Chembe za alumini zilizoyeyuka hufanya kazi na maji na kutoa hidrojeni, ambayo hujikusanya chini ya bamba na kungoja cheche. Safisha tope la beseni kabla na baada ya kazi ya alumini.

Kwenye ampea 105 muulize muuzaji namba mbili tofauti: unene wa kutoboa katikati ya bamba na unene wa kukata kuanzia ukingoni. Wao hupenda kutangaza ile ya pili, ambayo ni kubwa, ilhali flenji zako zote zina matundu ya ndani. Bamba lako la 25 mm linaweza kukatika likianzwa ukingoni na likakataa kutobolewa.

Binti Kerezo

Nami kwa kerezo lililotumika: usiliangalie rangi. Nenda na dayo (saa ya kupimia yenye sindano) yenye sumaku, iweke ncha yake dhidi ya turati inayoshika visu, agiza mhimili wa X usogee 0.01 mbele mara tano, kisha 0.01 nyuma mara tano. Sindano ikikaa kimya kwenye hatua ya kwanza au mbili za kurudi, skrubu ya gololi, inayosogeza mhimili, imelegea. Halafu liache lizunguke kwa nusu saa kwenye mizunguko mikubwa na uguse nyumba ya spindeli. Joto la kawaida halikuhusu, sauti ya kukwaruza inakuhusu. Mwisho, kabla ya kulipa, lete kipande chako mwenyewe cha nyumba ya 6205, na umwombe mwenye mashine akuchongee vitano mfululizo mbele yako. Vipoe, uvipime vyote vitano, ndipo mzungumze bei.

Karakana Ndogo

Nakwenda Jumamosi na vipande vitano. Nitarudi hapa na vipimo vyake.